Abu Raihan Al-Biruni: Mwanachuoni Aliyeipima Dunia kwa Pembe na Kivuli



Ndugu msomaji, katika ukurasa huu wa maisha ya wanavyuoni mwaka huu tumemchagua Abu Raihan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tuna sababu. Vijana wetu wengi asubuhi wako skuli na jioni wako madrasa, na walio sekondari hutujia na malalamiko yale yale juu ya trigonometria. Saini, kosaini na tanjenti wanazikubali kwa shingo upande. Kinachowashinda ni zile kanuni za usawa, wenyewe huziita aidentiti, ambapo mwalimu huandika kitu kimoja kushoto na kingine kulia, kisha huwataka wathibitishe kuwa viwili hivyo ni sawa kwa kila pembe. Huzikariri usiku wa kuamkia mtihani, na wiki ya pili zimeshatoka kichwani. Wanauliza zinamsaidia nani. Tumeona tuwajibu kwa maisha ya mtu huyu, kwa kuwa yeye zilimsaidia wakati hana kitu kingine mkononi.

Alizaliwa tarehe 3 Dhulhijja mwaka 362 Hijria, yaani tarehe 4 Septemba 973, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarizm. Hivi leo sehemu hiyo iko ndani ya Uzbekistan, na mji uliopo hapo umepewa jina lake, Beruniy. Bahati yake kubwa ilikuwa mwalimu. Abu Nasr Mansur bin Iraq alikuwa wa ukoo wa watawala wa Kath, lakini alikuwa vilevile mmoja wa mabingwa wa hesabu wa zama zake, naye alimchukua kijana huyu akamsomesha. Al-Biruni alipokuwa na umri wa miaka kama 17 tayari alikuwa akipima urefu wa jua la adhuhuri kwa pete iliyogawanywa kwa nusu nusu za nyuzi, na kwa kipimo hicho akapata latitudo ya mji wao.

Hapa inafaa tueleze mwalimu huyo alimfundisha nini, maana bila ya hapo maisha yake hayaeleweki.

 Wanavyuoni wa wakati ule walitumia sana kivuli. Simamisha kijiti wima juani, na ukigawe urefu wake katika sehemu 12, ambazo wao waliziita vidole. Kivuli kinacholala chini, ukikigawa kwa urefu wa kijiti, ndicho tunachokiita leo kotanjenti ya pembe ya jua. Ukikichomeka kijiti ukutani kikalala sawa na ardhi, kivuli kinachoteremka ukutani ndiyo tanjenti. Kwa Kiarabu vyote viwili ni dhilli, kivuli: kimoja kivuli kilicholala, kingine kivuli kilichopinduliwa. Na ule mstari unaotoka ncha ya kijiti mpaka ncha ya kivuli waliuita kipenyo cha kivuli. Basi tuseme kijiti ni vidole 12 na kivuli ni vidole 5. Mstari huo utakuwa vidole 13, kwa sababu 144 na 25 ni 169, na 169 ni 13 mara 13. Sasa gawa kila kimoja kwa 144. Unapata kwamba moja, ukijumlisha na kipeo cha pili cha kivuli, ni sawa na kipeo cha pili cha ule mstari. Hiyo ndiyo kanuni ambayo mwanafunzi wa sekondari huiandika kwa tanjenti na sekanti na kuiona kama uchawi. Ni kijiti na kivuli chake, wala hakuna kilichofichwa.

Na kwetu sisi Waislamu kivuli si jambo la skuli peke yake. Wakati wa Alasiri, kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa katikati. Kwa Imamu Abu Hanifa huongezwa mara mbili ya urefu. Maana yake ni kwamba ukijua pembe ya jua la adhuhuri, kanuni za vivuli zitakupa pembe ya jua wakati Alasiri inapoingia, hata siku ya mawingu ambapo hakuna kivuli cha kupima. Al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya vivuli. Ndani yake anamtaja mtu mmoja wa dini aliyekataa kutumia chombo cha kujulia nyakati za sala kwa kuwa kilichorwa miezi ya Kirumi. Al-Biruni alimjibu kwa ukali kidogo kwamba Warumi nao hula chakula na hutembea masokoni, basi na ayaache hayo pia asije akajifananisha nao.

Sheikh wake Abu Nasr alikuwa akishughulika na jambo kubwa zaidi, nalo ni pembetatu zilizochorwa juu ya tufe, kama mbingu au kama dunia. Wagiriki walikuwa na njia yao, kanuni ya Menelaus, ambayo huhusisha vipimo sita, ukijua vitano ndipo upate cha sita. Inafanya kazi lakini inachosha. Katika kizazi kile kimoja wanavyuoni kadhaa, miongoni mwao Abu Nasr huko Khwarizm na Abul-Wafa Al-Buzjani huko Baghdad, walithibitisha kanuni fupi: katika pembetatu ya tufe, saini ya upande ukiigawa kwa saini ya pembe inayoukabili, jibu ni lile lile kwa pande zote tatu. Wakaipa jina lenye maana ya umbo linalotosheleza, yaani linalokuondoshea haja ya ile ndefu. Baadaye ulizuka ubishi nani alitangulia. Al-Biruni aliueleza ubishi huo katika moja ya vitabu vyake na akampa haki mwalimu wake.

Mwaka 995 vita vilizuka. Amiri wa Gurganj aliuangusha ukoo wa mwalimu wake na kuiteka Kath. Al-Biruni alikuwa ametengeneza pete kubwa ya kupimia jua, kipenyo chake dhiraa 15, na alikuwa ameshapima jua la kilele cha kiangazi tu. Hakupata kuendelea. Alikimbia, chombo kikabaki, na baadhi ya vipimo alivyokwisha kuandika vilipotea.

Hata hivyo miaka miwili baadaye tunamkuta tena Kath akitazama mbingu. Tarehe 24 Mei 997 mwezi ulipatwa. Yeye aliutazama akiwa Kath na Abul-Wafa aliutazama akiwa Baghdad, kwa makubaliano waliyofanya kabla. Mwezi unapopatwa, huonekana kwa watu wote kwa wakati mmoja, lakini kila mji una saa yake kwa mujibu wa jua lake. Walipolinganisha walikuta tofauti ya kiasi cha saa moja, nayo ni nyuzi 15 za longitudo. Ramani za leo zinatupa nyuzi 16 na kidogo. Abul-Wafa alikuwa mzee wa miaka karibu 57 na jina lake limeenea, na mwenzake alikuwa kijana wa miaka 23 asiye na mji. Abul-Wafa alifariki mwaka uliofuata.

Miaka yake ya Jurjan, alikoandika kitabu chake mashuhuri juu ya kalenda za mataifa, na barua zake za mabishano na Ibn Sina, tunaipita kwa haraka. Alirudi Khwarizm akawa mshauri wa mtawala wa Gurganj. Mwaka 408 Hijria (1017) mtawala huyo aliuawa na askari wake, na Sultani Mahmud wa Ghazna akaiteka nchi. Aliondoka na mali na mateka, na pia aliondoka na wanavyuoni. Al-Biruni na mwalimu wake Abu Nasr walipelekwa Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Alikuwa na umri wa miaka 43, na maisha yake yaliyobaki yote aliyamaliza chini ya masultani wa mji huo.

Kuna tukio la mwaka uliofuata ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko vitabu vyake vingi. Oktoba 1018 alikuwa katika kijiji kimoja karibu na Kabul, hali yake mbaya, hana pete, hana chombo chochote. Alitaka kujua latitudo ya mahali pale. Akachukua ubao wa kufanyia hesabu, upande wake wa nyuma akachora sehemu ya duara, akaigawa kwa nyuzi na dakika, akaining'inizia timazi kama ya fundi mwashi, na akalipima jua. Vitabu huachwa nyuma na pete ya dhiraa 15 haibebeki. Lakini mtu aliyeielewa kanuni, kwa maana ya kwamba anaweza kuithibitisha upya kutoka mwanzo, hutembea nayo popote anapopelekwa. Ndiyo maana tunawasisitizia vijana wasiridhike na kukariri. Aliyekariri akisahau herufi moja amekwisha, na aliyefahamu atachora kijiti na kivuli chake pembeni mwa karatasi na kuipata upya.

Kazi iliyomshughulisha miaka hiyo ilikuwa ni kuujua upande wa kibla wa Ghazna kwa uhakika. Sisi wa mwambao jambo hili ni jepesi. Makka iko karibu sawa kaskazini mwa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, kwa kuwa longitudo zetu zinakaribiana na ya kwake. Ghazna ilikuwa mtihani. Iko kaskazini zaidi ya Makka kwa nyuzi kama 12, na mashariki yake kwa nyuzi zaidi ya 28. Mtu akiichukulia dunia kama mkeka uliotandikwa na akavuta mstari, atakosea kwa nyuzi karibu 7. Inatakiwa pembetatu ya tufe, yenye ncha zake kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, Makka na Ghazna. Pande mbili zinajulikana kwa latitudo, na pembe iliyo baina yake ni tofauti ya longitudo. Kinachotafutwa ni pembe ya pale Ghazna, na hapo ndipo zile kanuni za saini na kosaini zinapomeza kimoja na kutoa kingine, hatua kwa hatua, mpaka jibu linatoka: kati ya kusini na magharibi, lakini karibu zaidi na magharibi.

Tatizo lake lilikuwa hiyo tofauti ya longitudo. Hakuwa na mwenzake wa kutazama naye kupatwa kwa mwezi katika kila mji. Basi alichukua masafa ya misafara, mji hadi mji, kuanzia Baghdad mpaka Ghazna, akapunguza kwa ajili ya njia kupinda, akachanganya na latitudo alizozijua, na kila kipande akakigeuza kuwa nyuzi kwa kanuni za nyuta za duara. Alifanya hivyo kwa zaidi ya njia moja ili majibu yasahihishane. Kitabu kilichokusanya kazi hiyo, kiitwacho Tahdid, alikimaliza mwaka 416 Hijria (1025). Ni kitabu kizima, chenye misafara na milima na hesabu za kurasa nyingi, na makusudio yake ni watu wa mji mmoja wajue waelekee wapi wanaposimama kusali.

Masafa yakiwa kwa maili na nyuzi zikiwa za mbinguni, ilimpasa pia ajue dunia yenyewe ina ukubwa gani. Khalifa Al-Maamun aliwahi kupeleka watu jangwani wakatembea na kamba kupima uzi mmoja wa dunia. Al-Biruni hakuwa na khalifa wa kumgharimia. Akiwa katika ngome ya Nandana, katika Punjab iliyo Pakistan ya leo, aliona mlima ulioinuka juu ya uwanda tambarare, akajua kuwa amepata chombo chake.

Kwanza alitafuta urefu wa mlima bila ya kuupanda na kamba. Unapima pembe ya kilele ukiwa mahali pamoja, unasogea karibu zaidi kwa masafa unayoyajua, unapima tena. Jaribuni kwa mnazi. Mahali pa kwanza kotanjenti ya pembe iwe 3, usogee mita 15, iwe 2. Gawa 15 kwa tofauti ya 3 na 2. Mnazi una mita 15 kutoka usawa wa jicho lako. Kipimapembe, uzi na jiwe dogo vinatosha. Yeye alipata dhiraa 652 na kidogo.

Kisha alipanda juu na kutazama upeo wa macho, pale mbingu inapokutana na ardhi. Kwa kuwa dunia ni mviringo, upeo huo huwa chini kidogo ya usawa wa jicho. Alipima huko kuteremka akakuta ni dakika 34, zaidi kidogo ya nusu ya uzi mmoja. Basi. Mstari kutoka jichoni mpaka upeo unaigusa dunia na kufanya pembe mraba na nusu kipenyo chake. Kosaini ya pembe ile ni nusu kipenyo ukikigawa kwa nusu kipenyo na mlima pamoja. Ukiifungua, nusu kipenyo cha dunia ni urefu wa mlima mara kosaini, ugawe kwa moja kutoa kosaini.

Wanafunzi, hapa simameni. Chukueni kile kitabu cha jedwali za tarakimu nne tulichokitumia wengi wetu skuli na mtafute kosaini ya dakika 34. Mtakuta 1.0000. Moja kutoa moja ni sifuri, na dunia yenu imekuwa haina mwisho. Je, kazi imeharibika? Kumbukeni ile kanuni ya usawa isemayo kwamba moja kutoa kosaini ya pembe ni mara mbili ya kipeo cha pili cha saini ya nusu yake. Nusu ya dakika 34 ni dakika 17, na jedwali lile lile linatoa 0.0049. Zidisha, gawa, na dunia inarudi: nusu kipenyo cha dhiraa milioni 13 na nusu hivi. Pande mbili za kanuni ni sawa kabisa, lakini kwa mwenye kupima upande mmoja umekufa na mwingine uko hai. Mwalimu anapowataka mgeuze kushoto kuwe kulia, ndilo jambo analowafunza.

Hesabu ya Al-Biruni mwenyewe ilimpa kiasi cha dhiraa milioni 12.8. Pembe ikiwa ndogo namna hii, kuongezeka kwa dakika moja tu hupunguza jibu kwa zaidi ya dhiraa laki saba, kwa hivyo tofauti hiyo isimshangaze mtu. Tukiichukua dhiraa yake kuwa sentimita 49 hivi, inakuja karibu na kilomita 6,300, nasi leo tunajua ni 6,371. Husemwa sana kwamba alikosea kwa chini ya asilimia moja. Sisi tusingependa kushikilia hilo, kwa sababu linategemea urefu wa dhiraa, na pia mwanga hupinda ukipita karibu na ardhi, kwa hivyo ukaribu huo una bahati ndani yake. Njia yenyewe ndiyo isiyo na bahati: mtu mmoja, mlima mmoja, pembe chache.

Huko India alijifunza Kisanskriti, akasoma vitabu vya Wahindi ambao ndio waliotangulia kutumia saini, na mwaka 1030 akamaliza kitabu chake kikubwa juu ya nchi yao. Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba alipoitaja bandari ya Somnath alisema ilikuwa kituo cha wasafiri baina ya Sofala katika nchi ya Zanji na Uchina, na Sofala hiyo ni ya upande wetu huu wa Afrika. Wakati wa Sultani Masud, mwana wa Mahmud, aliandika Al-Qanun Al-Masudi, kitabu cha elimu ya nyota ambacho sehemu yake ya tatu ni ya trigonometria pamoja na jedwali zake. Inasimuliwa kwamba Masud alimpelekea tembo aliyebeba fedha, naye akairudisha. Huenda imetiwa chumvi.

Mwaka 427 Hijria (1036) aliandika orodha ya vitabu vyake mwenyewe, akavifikisha zaidi ya 100. Mwishoni aliongeza vitabu ambavyo wengine waliviandika kwa jina lake, na 12 kati ya hivyo ni vya Abu Nasr, mwalimu wake.

Alifariki Ghazna karibu mwaka 440 Hijria (1048). Yaqut, mwandishi wa wasifu wa wanavyuoni, amepokea kwamba faqihi mmoja aliingia kumzuru naye yumo katika kukata roho, kifua kikimbana. Al-Biruni alimkumbusha suala la mirathi ya mabibi walilowahi kulizungumza, akamwomba amweleze tena hesabu yake. Faqihi alimhurumia, akamuuliza kama huo ndio wakati wake. Al-Biruni akamjibu kwamba kuiaga dunia akiwa analijua suala hilo ni bora kuliko kuiaga akiwa hajalijua. Basi akamweleza, naye akalirudia mpaka akalihifadhi. Faqihi akatoka, na alikuwa bado yuko njiani aliposikia kilio kutoka nyumbani mle.